Maswali ya Wasomaji: Kusoma Kiingereza Devon

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26 na kazi yangu ni kuongoza wageni katika mapango ya Amboni hapa Tanga. Kiingereza changu kinatosha kueleza mapango, lakini mgeni akiuliza swali nisilolitarajia, au akitia mzaha, nabaki natabasamu bila kuelewa. Mjomba wangu aliyeko Muscat amejitolea kunilipia masomo ya Kiingereza nje ya nchi. Wakala mmoja amenishauri niende Devon, Uingereza, kwa kuwa pana mandhari nzuri na watu wakarimu, na ameniahidi kwamba jioni nitafanya kazi hotelini ili nirudishe gharama zote. Anataka nimlipe kwanza shilingi milioni mbili. Je, anasema kweli? Na je, Devon panamfaa mtu kama mimi? – Kiongozi wa wageni, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na suala la fedha kwa sababu ndilo la haraka: usimlipe wakala huyo hata senti moja. Anayekwenda Uingereza kusoma lugha ya Kiingereza tu ana njia mbili. Kama masomo hayazidi miezi 6, huomba viza ya kawaida ya mgeni. Kama yanazidi miezi 6 lakini hayazidi 11, huomba viza ya masomo mafupi ya Kiingereza. Zote mbili haziruhusu kazi ya mshahara, na anayekamatwa anafanya kazi hurudishwa kwao akiwa na doa litakalomfuata katika kila ombi la viza atakaloandika baadaye. Wakala anayekuahidi kazi ya hotelini ama hajui kazi yake, ama anajua na anakudanganya, na vyovyote iwavyo hastahili kushika pesa za mjomba wako.

Wala humhitaji wakala. British Council ina orodha ya vyuo vya Kiingereza ilivyovikagua na kuvipa ithibati, na orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti yake. Kitafute chuo humo, kiandikie barua pepe wewe mwenyewe kwa Kiingereza chako hicho hicho, na uwaulize mambo manne: darasa lina wanafunzi wangapi, wanafunzi wa mwezi unaotaka wewe wanatoka nchi gani, masomo ni saa ngapi kwa wiki, na viza ikikataliwa watakurudishia kiasi gani. Jibu la swali hilo la mwisho lipate kwa maandishi. Ada ilipwe kutoka benki moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, bila kupitia mkono wa mtu.

Afisa wa viza naye atataka kuridhika kwamba utarudi nyumbani. Barua ya mwajiri wako inayosema umepewa ruhusa na nafasi yako inakungoja ina uzito mkubwa. Barua ya mjomba inayoeleza undugu wenu na kwa nini anakulipia, pamoja na taarifa zake za benki za miezi kadhaa, ina uzito pia. Jambo linaloharibu maombi mengi ni fedha nyingi kuingia ghafla katika akaunti ya mwombaji wiki moja kabla ya kuomba, bila maelezo ya zilikotoka. Ni afadhali fedha zikae katika akaunti ya mjomba, na barua iseme wazi kwamba ndizo zitakazolipa.

Sasa nije kwenye Devon yenyewe. Naijua, kwa sababu nilisoma huko kwa miezi mitano nilipokuwa mwalimu mpya, na nimerudi mara mbili tangu wakati huo. Mkoa huo uko kusini-magharibi mwa England, na ndio peke yake katika England wenye pwani mbili zisizoungana, moja upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini. Katikati kuna nyika ya juu iitwayo Dartmoor, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ambako mawe makubwa ya matale yamekaa juu ya vilima kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na farasi wafupi hulisha bila kufungwa, mvua inyeshe isinyeshe. Treni kutoka kituo cha Paddington jijini London hufika Exeter kwa muda wa zaidi kidogo ya saa mbili. Baada ya Exeter reli huufuata mto Exe mpaka baharini, kisha hupita Dawlish chini ya majabali mekundu, karibu na maji kiasi kwamba siku ya dhoruba mawimbi hurukia mabehewa. Februari 2014 bahari iliubomoa ukuta wa pale, reli ikabaki inaning'inia hewani, na treni hazikupita tena mpaka Aprili. Wewe mtu wa pwani utakaa dirishani ukiangalia maji yalivyojaa na kujiuliza kama ni siku ya bamvua, na hapo utajiona hukwenda mbali sana na kwenu.

Lakini sababu inayonifanya nikwambie kwamba Devon panakufaa wewe hasa ni mji wa Torquay. Torquay umejengwa juu ya mawe ya chokaa kama ilivyo Amboni, na ndani ya mji huo kuna mapango yaitwayo Kents Cavern, ambamo mwaka 1927 kilichimbuliwa kipande cha taya la binadamu chenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Wageni huingizwa kwa makundi wakifuatana na kiongozi, kama unavyofanya wewe. Nenda huko mara ya kwanza usikilize habari ya mapango. Nenda mara ya pili usimsikilize tena kiongozi kwa sababu ya mapango, bali umsikilize anavyoingia katika mzaha na kutoka, anavyomjibu mtoto aliyeuliza swali la ajabu, anavyosema kwa adabu kwamba hajui, na anavyowaharakisha waliochelewa nyuma bila kuwaudhi. Uwe na daftari mfukoni, na ukitoka nje andika sentensi tano ulizozisikia, neno kwa neno. Hakuna kitabu kitakachokupa Kiingereza hicho, na ndicho kinachokupungukia.

Kuhusu ukarimu nitakueleza niliyoyaona, kwa kuwa neno hilo huleta matumaini ambayo si ya kweli. Watu wa Devon ni wapole na wana subira na mgeni anayetafuta maneno. Abiria akishuka kwenye basi humshukuru dereva kwa sauti, kila mmoja, hata watoto wa shule, nami niliyekuwa nimezoea kugonga bodi na kusema "Shusha!" ilinichukua wiki nzima kujifunza kutamka neno la shukrani kabla mlango haujafungwa. Mzee wa dukani anaweza kukuita "my lover", na hilo lisikushtue, maana katika mikoa ile ni neno la upole kwa mtu yeyote, kama muuza samaki wa kwetu anavyomwita mteja "mpenzi". Hata hivyo huo si ukarimu wa kukaribishwa ndani. Jirani atakusalimia kila siku kwa miezi mitano na usijue sebule yake ina rangi gani. Watu weusi pia ni wachache, hasa nje ya Exeter na Plymouth, kwa hiyo utaangaliwa, na ikitokea mtu akakutolea neno baya, liarifu chuo siku hiyo hiyo.

Salamu zao ni somo kubwa kwetu sisi. Mtu atakwambia "All right?" huku akiendelea kutembea. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama na kuanza kueleza kwamba mimi ni mzima, nyumbani ni wazima, ila mafua kidogo, na nikiinua macho mwenyewe ameshafika kwenye kona. Jibu lake ni kulirudisha neno hilo hilo na kupita.

Somo jingine nililipata jikoni. Mama mwenye nyumba niliyokaa alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye paka mmoja mzee. Jioni moja bakuli la viazi lilimponyoka likavunjika sakafuni, nami nikaruka kutoka kwenye kiti nikisema "Sorry! Sorry!" Akaniangalia kwa mshangao na kusema kwamba mimi sikufanya kosa lolote, mbona naomba radhi. Nilikuwa nampa pole, na Kiingereza hakina pole. Tulikaa pale kati ya vipande vya bakuli nikimweleza kwamba kwetu neno hilo hupewa aliyejikwaa, aliyefiwa, anayerudi kazini na anayekohoa, na kwamba halina maana ya kukiri kosa. Alilipenda sana. Tangu siku hiyo kila nilipoingia nimelowa mvua aliniambia "Pole" akilivuta mwishoni, na mimi nikajifunza kumwambia "Oh dear" anapoangusha kitu. Mazungumzo ya saa moja kama yale, kwa lugha isiyo yako, na mtu asiyeharakisha, ndiyo unayoyalipia unapokwenda mji mdogo. London ningekuwa nimeshapata Watanzania wa kupika nao ugali wiki ya kwanza.

Na hata Devon mtego huo upo. Darasani kwetu alikuwapo dada mmoja wa Muscat ambaye bibi yake alizaliwa Pemba, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kwa wiki mbili hatukutamka neno la Kiingereza nje ya darasa. Mwishowe tulifanya mapatano kwamba Kiswahili ni siku ya Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana tu, na siku nyingine anayeteleza anamnunulia mwenzake chai. Wewe unaweza kukutana na watu wa aina hiyo, tena wakawa wanamfahamu mjomba wako. Wapende, lakini fanya nao mapatano mapema.

Muda unaokufaa, kwa kiwango ulichonieleza, ni miezi mitatu. Ukiwa mtu anayefanya kazi kwa Kiingereza kila siku, huna sababu ya kukaa mwaka. Nenda kati ya Aprili na Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti miji ya pwani hujaa watalii na makundi ya vijana wadogo wanaokuja na walimu wao kutoka nchi za Ulaya, bei hupanda, na barabarani utasikia Kihispania na Kiitaliano kuliko Kiingereza. Desemba jua huzama saa kumi na robo jioni, na kwa mtu wa Tanga kiza hicho huingia moyoni. Juni ni kinyume, kwani jua halizami mpaka saa tatu na nusu usiku, na baada ya masomo una jioni ndefu ya kupanda basi mpaka Brixham kuwaangalia wavuvi wakiteremsha ngisi, au ya kutembea njia ya pwani, ambayo huzifuata pwani zote mbili za mkoa, kaskazini na kusini. Chukua koti la mvua la kweli na viatu visivyopitisha maji. Kata pia bima ya safari, kwa sababu mwenye viza ya mgeni akilazwa hospitali hulipishwa, na gharama zake ni kubwa.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Binti yangu ana miaka 17 na amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Baba yake anataka aende Exeter miezi minane kusoma Kiingereza kabla ya chuo kikuu. Mimi hofu yangu ni kukaa nyumbani kwa watu tusiowajua, chakula chake, na ibada yake. Nimeona vyuo vingine vina mabweni. Kipi bora? – Mama wa binti mmoja, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hofu yako ina haki na nisingependa mtu yeyote aidharau. Kwa umri wake ningechagua familia kuliko bweni. Bwenini atakuwa na vijana wenziwe wa mataifa mengine ambao nao Kiingereza chao ni kama chake, jioni nzima hakuna mtu mzima anayemsahihisha, na hakuna anayejua kama amerudi. Katika familia yupo mtu anayemngoja kwa chakula cha jioni. British Council inapokagua vyuo huangalia kwa makini malezi ya walio chini ya miaka 18, na chuo kinachopokea watoto hawa hutakiwa kuhakikisha kwamba wenyeji wamechunguzwa kama wana rekodi ya jinai. Uliza uchunguzi huo ulifanyika lini. Uliza pia kama nyumba ina mwanafunzi mwingine, wa kike au wa kiume, kama kuna mvulana mkubwa wa wenye nyumba, saa ya mwisho ya kurudi kwa mwenye umri wake, na namba ya simu ya chuo inayopokelewa usiku. Chuo kizuri hujibu maswali hayo bila kuchoka, kwa sababu huulizwa kila wiki na wazazi kama wewe.

Kuhusu chakula, waandikie mapema kwamba anakula nyama ya halali tu. Wenyeji wengi huona ni rahisi zaidi kumpa samaki, mayai na mboga, na baadhi hununua nyama ya halali wakielekezwa duka. Exeter una msikiti. Mwenye nyumba aambiwe pia kwamba binti ataamka alfajiri kutawadha, ili asije akashtuka kusikia maji yanamwagika bafuni usiku wa manane. Wakati wa kiangazi isha huingia karibu na saa sita za usiku na alfajiri hufuata baada ya saa chache, kwa hiyo ni vizuri kulizungumza kabla hajafika.

Kwa miezi minane ataomba viza ya masomo mafupi ya Kiingereza, ambayo hupewa mwenye umri wa kuanzia miaka 16. Kwa sababu ni zaidi ya miezi 6, Mkenya hutakiwa kwanza kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, na cheti chake hudumu miezi 6. Kuna pia ada ya huduma ya afya inayolipwa pamoja na ombi, na baada ya hapo hospitali za umma zitamhudumia. Kwa kuwa hajafika miaka 18, itahitajika barua yenu wazazi inayoruhusu safari, masomo na makazi yake. Viza hii hairefushwi. Muda ukiisha lazima arudi, hata kama amepata nafasi katika chuo kikuu cha huko, na ombi la viza ya chuo kikuu litaanzia nyumbani Kenya.

Nami ningependa nikuombe jambo moja, mama, kama mwanamke aliyewahi kuwa msichana wa mbali na kwao. Msipange kupigiana simu ya picha kila usiku. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Nimewaona wasichana waliokaa Exeter miezi kadhaa huku jioni zao zote zikibaki Mombasa au Jeddah, na mama mwenye nyumba chini anakunywa chai peke yake, akiwa tayari kabisa kuzungumza.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Bukavu. Nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi na Kiingereza sijui isipokuwa salamu. Nina akiba kidogo. Rafiki yangu anasema heshima ya cheti ni ya Uingereza. Niende huko moja kwa moja? – Msomaji, Bukavu.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usiende bado. Kwa anayeanza na herufi, wiki kumi za Devon ni wiki kumi za kujifunza kuhesabu na kutaja siku, mambo ambayo ungejifunza popote kwa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo, na uzuri wa bahari na vilima haukusaidii kitu kama huwezi kumuuliza mtu jina la kilima. Faida ya kukaa na wenyeji huanza pale unapoweza kufuata mazungumzo nusu kwa nusu, kile kiwango ambacho vyuo hukiita B1.

Nenda Kampala. Wakongomani na Warundi wengi wamepita njia hiyo, walimu wa kule wamezoea makosa ya mtu aliyetoka kwenye Kifaransa, na sokoni na kwenye teksi utalazimika kuzungumza. Kaa miezi sita ikiwa akiba yako inaruhusu, na usipange chumba na watu wa Bukavu. Cheti cha chuo cha lugha, kiwe cha Kampala au cha Exeter, hakina uzito mkubwa kwa mwajiri au kwa chuo kikuu. Wanachokitazama ni mtihani wa kimataifa kama IELTS, na mtihani huo hufanyika hata Afrika Mashariki. Ukifika mahali ambapo unaweza kumsimulia mtu ziwa Kivu lilivyo asubuhi, kwa Kiingereza, bila kupitia Kifaransa kwanza, niandikie tena, nami nitakutajia mwezi wa kusafiri na upande wa treni unaofaa kukaa ili uione bahari ya Dawlish.